Shati Kwenye Koki

Nakumbuka siku moja mama yako nusura aniue kwa kunipenda. Kaa chini, mwanangu, acha kuchezea funguo hizo. Najua unataka kwenda, na hata mimi kukaa kitako kunanichosha, lakini kesho unaanza kazi ya mashine, na nyumbani una mke uliyemwoa juzi tu. Lazima ulisikie hili.

Wakati wa Mwingereza nilikuwa kibarua kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, hapo Kirumba. Injini ilikuwa moja, na pembeni yake minara miwili ya mbao ya kupozea maji. Maji yanatoka kwenye injini yana moto wa kubabua, yanapandishwa juu ya mnara, yanadondoka ubao hadi ubao mpaka chini yamepoa. Kila baada ya muda tulifunga mnara mmoja, mtu akaingia kukwangua utelezi wa kijani na kuzoa nyuzi za pamba zilizoziba. Anayeingia alitundika shati lake kwenye koki ya kufungulia maji ya mnara huo. Shati likiwepo, mtu yumo, na koki haiguswi. Akitoka, analichukua mwenyewe.

Basi siku hiyo ilikuwa katikati ya msimu. Mikokoteni ya ng'ombe kutoka Magu imejipanga hadi barabarani, tajiri anazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mnara mmoja ulikuwa umezidiwa, injini inapata moto, na kila mtu anapiga kelele wa pili ufunguliwe. Mimi nimo ndani, nakwangua mbiombio, magoti yanateleza.

Mama yako akaja na chakula changu. Ndoa ilikuwa bado changa, naye mikono yake haitulii, unamjua. Akaliona shati langu kwenye koki, limejaa grisi, akaona aibu. Watu watasema huyu ana mke gani asiyefua? Akalichukua, akaanza kushuka nalo ziwani.

Shija, mwendesha injini, akaja mbio. Akaona koki haina kitu, akaanza kuizungusha.

Mama yako akageuka. "Shemeji, mwenzako yuko wapi? Chakula kinapoa."

"Ametoka zamani. Huoni shati lake halipo?"

"Shati? Si hili hapa!"

Wee! Mimi huko ndani nikasikia mbao za juu zinalia, mara maji ya moto yakanishukia begani. Nilipiga ukelele, nadhani hata ng'amboni walinisikia. Shija akafunga. Nikatoka natambaa, ngozi inachubuka. Kovu ndilo hili.

Uani kote wakamgeukia mama yako. Mjinga! Alitaka kumuua mumewe! Yeye amekumbatia shati. Mimi nami nikafungua mdomo kumtukana. Ndipo Fundi Ramji, mzee wa Kihindi aliyekuwa mkubwa wetu, akaniwekea kiganja kifuani.

"Shati umetundika wewe. Ulimwambia maana yake?"

"Fundi, mambo ya kazi mwanamke atayajulia wapi?"

"Nimekuuliza, ulimwambia?"

Sikuwa nimemwambia. Kila asubuhi nilitoka nyumbani mbio, jioni nikirudi nataka ugali nilale. Hata kwamba naingia ndani ya mnara alikuwa hajui.

"Basi usimkaripie," akasema. "Mkeo hawezi kuogopa kugusa shati lako. Wewe ndiye ungemwonya."

Niliona haya, mwanangu, kuliko nilivyosikia maumivu ya bega.

Tangu siku ile mama yako hafui shati langu kabla hajauliza, "Umeshatoka?" Hata nikiwa nimekaa mbele yake nakunywa uji. Nami namjibu, "Nimetoka." Wewe na dada zako mlikuwa mkicheka, mkidhani wazee wenu wamechanganyikiwa.

Sasa leo, kabla hamjalala, mweleze mkeo kazi yako. Mwambie unaingia wapi, nini kinaunguza, alama zenu ni zipi. Usimfiche ukidhani hataelewa, na haraka zako za asubuhi zisikunyime muda wa kusema naye. Watu wa nyumbani kwako wasibaki kubahatisha usalama wako.

Haya, chukua funguo zako uende. Mungu awe nawe kila unapoingia, na kila jioni mkeo akikuuliza, uwepo wa kumjibu, "Nimetoka."