Padre Ottmar na Makosa Yake Kumi na Saba

Alizaliwa mwaka 1541 huko Ettersbach, mji mdogo wa Swabia, Ujerumani, mtoto wa sita wa fundi mapipa na mkewe, mpika bia aitwaye Kunigunda Riedlin. Akiwa na miaka kumi na minane aliingia utawa wa Wafransisko. Hakuitwa kwa ndoto wala maono. Siku moja sokoni alimwona bruda mzee akitukanwa na muuza kabichi, na bruda yule, badala ya kujibu, akamshukuru na kumsaidia kubeba kapu. “Nilitaka kujua utulivu ule ameutoa wapi,” Ottmar alisema baadaye. Hakuupata upesi. Alikuwa mwepesi wa hasira, mpenzi mkubwa wa soseji, na Kilatini chake kilichechemea hata alipopewa upadre.

Ettersbach ilikuwa na madhehebu mawili na kanisa moja. Wakatoliki walisali alfajiri, Walutheri wakaingia baada yao, na kila upande ulilalamikia harufu ya mwenzake. Ndipo Papa alipotengeneza kalenda mpya na kuziruka siku kumi. Mwaka 1584 Wakatoliki waliimba Aleluya ya Pasaka huku Walutheri, walioshikilia kalenda ya zamani, wakingali wanaimba nyimbo za mateso. Padre Ottmar aliitetea kalenda mpya mimbarani. Mchungaji Gebhard Zoller, Mlutheri aliyeogopwa kwa kalamu yake, akamjibu kwa kijitabu kiitwacho *Punda Aliyeiba Siku Kumi*, chenye orodha ya makosa kumi na saba ya Padre.

Mkuu wa nyumba ya watawa, Padre Benno, alimwita Ottmar akamwambia, “Mjibu. Mponde kabisa.” Ottmar alikisoma kijitabu mara mbili, kisha akaandika ukurasa mmoja: “Nimeyasoma makosa yangu. Kumi na moja ni ya kweli. Matano ni ya kweli nusu, nami najitahidi. Moja ni uongo: bia ya mama yangu haikutiwa maji.”

“Huku si kujibu,” alisema Padre Benno. “Huku ni kuungama.”

Mjane Apollonia Rauch, mchapaji aliyechapa maandishi ya pande zote mbili, alitoa nakala mia tatu za ukurasa ule, na kabla ya adhuhuri zilikuwa zimekwisha. Zoller hakula siku hiyo. “Nimjibuje mtu anayekubaliana nami?” alimuuliza mkewe. Akatoa toleo la pili, makosa thelathini na moja. Ottmar alimshukuru kwa yale kumi na manne mapya, akamwongezea la thelathini na mbili ambalo mwenzake hakulijua.

Lakini waamini hawakuwa na upole wa padre wao. Jumamosi moja mchana walishika mashoka wakaenda kuvunja mtambo wa Apollonia na kumtosa mtoni Zoller, aliyekuwa ghorofani humo akisahihisha kurasa. Ottmar alikimbia akihema, akapanda juu ya mkokoteni mlangoni, akatoa kijitabu na kuanza kujisomea makosa yake kwa sauti kubwa. Kufikia la nne, wenye mashoka walikuwa wanacheka. Kwenye la tisa, sauti ikatoka dirishani.

“Umeruka maneno.”

“Wapi, Mchungaji?”

“Hapo kwenye tumbo. Nimeandika ‘tumbo kama pipa la mavuno.’ Wewe umesema tumbo tu.”

“Niwie radhi. Basi shuka usome mwenyewe, maandishi ni yako.”

Zoller, ambaye hakuweza kuvumilia kazi yake isomwe vibaya, alishuka. Akasimama bega kwa bega na mtu aliyemwandika, akasoma, na kwa kila kosa sauti yake ikapungua. Kwenye la kumi na mbili akakunja karatasi. “Hili niliambiwa tu,” alisema. “Sikuliona mwenyewe.”

“Kama mmemaliza,” alisema Apollonia, “ondoeni mashoka yenu. Mnanikanyagia karatasi nilizoanika.” Wakaondoka.

Tauni ilipoingia mwaka 1592, Ottmar aliwauguza wa madhehebu yote. Zoller alipougua, alimlisha supu siku tisa, wakibishana juu ya toharani kwa kila kijiko. Zoller akapona, Ottmar naye akashikwa na tauni. Siku ya kufa kwake bruda mmoja aliuliza kaburini iandikwe tarehe gani. “Andikeni ile ya Mchungaji,” alisema Ottmar. “Niendako hawana kalenda.” Wakaandika 25 Agosti, kwa kalenda ya zamani. Zoller, bila kujua hilo, alichapa tangazo la msiba, na kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake akatumia tarehe ya Papa: 4 Septemba. Ndiyo maana Ettersbach humkumbuka mara mbili kwa mwaka.

Roma haijasema neno juu yake, lakini watu wanasimulia maajabu. Wakili mmoja mgomvi aligusa kaburi lake akapoteza sauti wiki nzima. Mkewe alileta mishumaa miwili ya shukrani.

Nasi tumwige. Tukiandikwa vibaya, tusome hadi mwisho kabla ya kushika kalamu. Huenda adui ameona kosa ambalo hata muungamishi wetu hajalisikia.