Mashine Kumi na Isale Moja

Kule Masama, ukiiacha lami ukashuka kwenye migomba, kuna nyumba mbili zinazotazamana ndani ya kihamba kimoja, shamba la ukoo. Moja ni ya kina Aikande. Ya pili ni ya kina Godbless, mtoto wa baba yake mkubwa. Majirani wote wamepanda masale kwenye mipaka yao, ile mimea ya majani marefu ambayo Mchagga mwenye akili timamu haing'oi ovyo. Kati ya nyumba hizi mbili hapakuwa na hata shina moja. Babu yao aliwakataza wanawe, akasema ndugu hawawekeani mpaka, na wajukuu wakakua wakivuka kwenda kula popote palipoiva mapema.

Godbless alikuwa mchoraji tangu utotoni. Alianza na ukuta wa jiko la mama yake kwa mkaa, akachapwa, akahamia kwenye kompyuta. Aikande alisomea mambo ya mitandao, akarudi Moshi, akaajiriwa duka la kompyuta karibu na stendi. Kwa hiyo Godbless alipopata kazi ya katuni ya watoto, hadithi ya ng'ombe mmoja mkorofi wa mlimani, hakuwa na haja ya kutafuta mtu mbali. Alivuka uani.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Katuni ni maelfu ya picha, na kila picha kompyuta inaipigia hesabu zake, mwanga uanguke wapi na kivuli kilale vipi, ndipo itoke safi. Vijana wa kazi hiyo wanaita kurenda. Kompyuta moja ya Godbless ilikuwa inarenda ng'ombe akipiga hatua mbili, inachemka, inazima.

"Dada, tutafika Krismasi huyu ng'ombe hajafika mtoni," Godbless alisema.

Aikande ndiye aliyepata wazo la shamba la mashine: kompyuta nyingi zinazogawana kazi moja. Ofisi fulani mjini ilikuwa inaondoa kompyuta zake za zamani, na Aikande akazipata kumi. Zilikuja bila diski, kama ofisi zinavyofanya, diski zinatolewa ili siri zisitoke. Godbless alizitazama zilivyopangwa kwenye stoo ya kahawa, akashika kiuno.

"Sasa hizi si makopo?"

"Makopo hayo hayo," Aikande akamjibu. "Subiri."

Godbless alitaka Windows, kwa sababu ndiyo aliyoizoea. Aikande akamweleza kwamba Windows ingedai kila mashine iwe na diski yake na kibali chake, halafu siku moja ikiwa katikati ya kazi itajizima ijisasishe bila kumuuliza mtu. Wakabishana wiki nzima, wakirushiana maneno juu ya sahani ya kitawa, mpaka Shangazi Ndeshi aliyeishi na kina Aikande akauliza huyo Windozi ni nani anayewagombanisha watoto. Mwisho Godbless akanyoosha mikono. "Haya, fanya unavyojua. Mimi kazi yangu ni ng'ombe."

Aikande akachagua Linux, mfumo wa bure usiodai kibali. Ya kwanza aliyojaribu ilikuja na madirisha na mapambo, ikala kumbukumbu ya mashine zile za zamani kabla kazi haijaanza. Akaitupa. Akaweka nyingine iitwayo Debian, tupu, isiyo na picha yoyote, kioo cheusi na maandishi meupe. Mfumo wote akauweka kwenye mashine moja yenye diski, wakaibatiza jina la Mama. Zile kumi zilikuwa zinaamka hazijui kitu, zinamuuliza Mama kwa waya, Mama anawapa mfumo na kipande cha kazi, wanaanza. Akibadilisha kitu kwa Mama, wote wamebadilika. Hapo awali Godbless alipokuwa akiazima kompyuta za marafiki, pembe ya ng'ombe ilikuwa inatoka nyeusi huku na ya kahawia kule, kwa sababu kila mmoja ana toleo lake la programu. Kwa Mama pembe ilikuwa moja.

Siku zilipoamka zote kumi kwa pamoja, feni zikivuma na baridi ya mlimani ikizipoza bure kupitia dirishani, Godbless alimkumbatia Aikande mpaka akamnyanyua. Aikande alilia kidogo, na hakuona haya. Aliacha kazi dukani wiki ile ile. Walikubaliana mbele ya Shangazi kwamba kazi ni ya wawili, na katuni itakapotoka majina yatakuwa mawili.

Kwa kuwa mlango wa stoo ulikuwa wa kusukumwa tu, Aikande alimfunga Mama kwa nenosiri. Mama akizimwa, haamki mpaka neno liandikwe. Alitaka kumwambia Godbless.

"Kaa nalo wewe. Mimi nitalisahau," Godbless alisema. "Kwani unakwenda wapi?"

Alikwenda msibani. Mama yake mdogo alifariki Kahe, na Aikande alikuwa amelelewa naye miaka ya utoto. Alizima mashine moja moja, Mama wa mwisho. Godbless mwenyewe alimsindikiza mpaka barabarani akiwa amembebea begi. "Nenda kalie, dada. Huku nipo."

Alikuwepo kweli. Aikande aliporudi, stoo ilikuwa imefagiwa. Pale zilipokaa mashine palibaki alama kumi na moja za mraba kwenye vumbi la rafu, na waya mmoja uliokatika. Alidhani ni wezi. Alikimbia kuvuka uani akipiga kelele, na mke wa Godbless akatoka jikoni akijifuta mikono, akashangaa.

"Kwani hakukwambia? Amezihamishia mjini. Amepata mwenzake mwenye ofisi."

Simu ya Godbless iliita bila kupokelewa. Jioni Aikande aliona picha aliyoiweka mtandaoni: Godbless katika shati jipya, mbele ya mashine zake, kwenye chumba cha vigae. Chini ameandika kwamba ndoto yake imetimia na kwamba mfumo huu ameujenga kwa mikono yake. Watu walikuwa wanampongeza. Mwalimu wao wa kwaya alimpongeza.

Aikande alikaa kwenye ngazi ya stoo akaona moyo unamuuma kabisa, kama kidole kilichobanwa na mlango. Mtu baki angemwibia angemtukana akalala. Huyu alikuwa amembebea begi.

Siku ya tatu Godbless alikuja. Gari la mwenzake aliliacha juu, barabarani. Alishuka kwa miguu, ameinamisha kichwa, na mkononi ameshika isale.

Hapo lazima mtu aelewe. Isale likija mkononi mwa aliyekosa, amekuja kuomba radhi, na aliyekosewa hana pa kukwepea. Unaweza kugomba kwanza. Unaweza kulia. Kulirudisha huwezi. Watu wamesamehe damu kwa isale.

"Shikamoo, Shangazi," Godbless alisema.

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa. Alimnyooshea Aikande isale kwa mikono miwili. "Dada, nimekosa. Nilikukosea ukiwa kwenye msiba. Nisamehe."

Macho yake yalikuwa mekundu, na sauti ilikatika. Aikande alikuwa amejiandalia maneno ya siku mbili, makali yote, akayatafuta hakuyaona. Alimwona yule Godbless wa mkaa ukutani. Akalipokea.

"Nimekusamehe, kaka."

Shangazi akashusha pumzi, akasema aika, asante ya Kichagga, akaenda kuchukua chai. Aikande alikuwa anafikiria watakavyozirudisha mashine, kwamba rafu atazifuta kwanza, kwamba mlango sasa wataweka kitasa. Godbless alikaa, akapiga funda moja, akaweka kikombe chini.

"Sasa, dada, yule Mama amegoma kuwaka. Picha zote zimo humo, na watu wanataka kazi yao keshokutwa. Ile pasiwedi ni ipi?"

Aikande alimtazama. "Mashine zinarudi lini?"

"Dada, si tumeshayamaliza hayo?" Akatazama isale mapajani mwa Aikande. "Umesema umesamehe."

Shangazi Ndeshi alisimama mlangoni na birika. "Mae!" alimaka kwa sauti ndogo.

Aikande alikuwa amesema. Na aliyesamehe kwa isale haweki sharti nyuma yake, hata mtoto anajua, na Godbless alijua kuliko wote. Aikande alihisi uso unawaka.

"Andika," alisema. "Kaka hanitupi."

Godbless alitoa simu akaandika kwa kidole gumba, midomo ikifuata herufi. Aikande alimwangalia usoni wakati wote, akingoja afike mwisho wa neno.

"Herufi ndogo zote?"

"Ndogo zote. Usiache nafasi."

Alipiga simu mjini, akasoma herufi moja moja kwa sauti. Sauti ya kijana upande wa pili ikasema imefunguka, bosi, na nyuma yake Aikande akasikia feni zinaanza kuvuma, moja baada ya nyingine, mpaka zote kumi. Godbless akacheka kwa furaha. Alimshika Aikande bega, akasema aika sana, dada, akapanda kuelekea kwenye gari bila kumaliza chai.

Isale alilolileta lilikuwa zima, na kipande cha shina. Aikande alichukua jembe akaenda uani, katikati ya zile nyumba mbili, pale walipopita tangu wakiwa wanatambaa. Akachimba.

Shangazi Ndeshi alimfuata. Alifungua mdomo amkumbushe neno la babu, akaufunga, akarudi ndani kumletea maji ya kumwagilia.