Ukuta Mweupe wa Bibi

Juzi mjukuu wangu alichora ufuo wa Likoni kwa rangi, mawe meupe chini, udongo mwekundu juu, nami nikacheka peke yangu.

Nilipokuwa mtoto, nyumba ya bibi yangu ilikuwa huko, karibu na ukingo wa bahari uliokuwa ukimeguka. Kila mvua kubwa, udongo mwekundu uliporomoka kwa kishindo, lakini mawe meupe hayakutikisika. Nikaamini kwamba bahari hula vyekundu tu.

Krismasi ilipokaribia, bibi alikanda udongo wa ukingoni, unaonukia mvua, akazipaka kuta zote. Nyumba ikawa nyekundu! Nilishikwa na hofu. Alipokwenda kisimani, nilichukua chokaa aliyoiweka ya kupamba mlango, nikaupaka ukuta unaotazama bahari, mpaka nikawa mweupe mimi mwenyewe.

“We Mbeyu!”

“Abee, bibi.”

“Umefanya nini?”

“Bahari haili vyeupe, bibi.”

Aliutazama ukingo, akautazama ukuta, akacheka hata leso ikamfunguka. Kisha akachovya ufagio, akanimalizia pale juu nisipofika.

Sasa najua yale mawe ni matumbawe magumu, na udongo ni udongo tu. Bibi alijua hayo tangu siku ile. Hata hivyo, kila Krismasi iliyofuata, ukuta ule aliniachia mimi, na ndoo nzima ya chokaa.