Mchanga Niliomwachia Mama Rosa

Mimi ndiye nilikosa. Msitafute mwingine. Ni mimi, nyanya wa wajukuu tisa, na nilikosa nikiwa na akili zangu timamu.

Nilikuwa mwenyekiti wa wamama wanaoanika omena, dagaa wadogo wa ziwa, huku Karungu. Miaka yote tulianika kwa mchanga, kila mtu na gunia lake, kila mtu na mteja wake. Ndipo mnunuzi mmoja wa Rangwe akasema atachukua mzigo wetu wote, lakini tubadilike: tuanike juu ya vichanja vya mbao, mchanga usiingie, halafu tumwage zote rundo moja, tuuze kama mtu mmoja.

Kazi ya kuwabadilisha ikawa yangu.

Kwa mkutano nilisimama niwasomee masharti. Nilifika darasa la tatu tu, kwa hivyo nasoma polepole, kidole chini ya neno. Mama Rosa, yule aliyeolewa huku kutoka Ntimaru, akaninyang'anya karatasi. "Lete hapa, mama, kabla omena ziote mabawa!"

Wamama walicheka mpaka wakashika mbavu. Hata dada yangu! Mimi pia nikacheka. Lakini moyoni nikasema: utalia, wewe mtoto.

Siku ya mafunzo ya vichanja ikafika. "Mama Rosa nitampitia mimi," nikawaambia wenzangu. Nikapita, ndio. Nikapita mlango wake bila kugonga. Yawa, nilivyosikia utamu!

Walipouliza yuko wapi, nikasema amekataa, eti hawezi kufundishwa na sisi washamba. Wakanuna, hakuna aliyemsemesha tena. Alipokuja kuomba kichanja, nikamwambia mbao zimeisha. Akarudi kuanika kwa mchanga.

Nikangoja mnunuzi. Nilijua atakagua gunia moja moja kabla hatujamwaga, atupe la Mama Rosa mbele ya watu, naye aonje aibu niliyoonja.

Lakini lori lilichelewa. Wamama hawakungoja, wakaanza kumwaga kama tulivyokubaliana. Nikamwona Mama Rosa anainua gunia lake. Neno moja tu, "Ngoja!", lingetosha. Lakini wangeuliza kwa nini. Nikamwaga gunia langu pia.

Mnunuzi akaja, akachukua omena kutoka kwa rundo, akatafuna. Akatema. Akachukua ingine. Akatema. "Wamama, mimi niliomba omena, si kokoto." Akapanda lori lake, na hajarudi mpaka leo.

Macho yote yakamgeukia Mama Rosa. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kwani hayo mafunzo yalikuwa lini?"

Dada yangu akaniangalia. "Si ulituambia alikataa?"

Ai! Uongo wangu ukawa wazi.

Wakanitoa kwa kiti, wakamkalisha Mama Rosa. Nikangoja alipize. Ningekuwa yeye, ningelipiza vibaya sana! Wiki iliyopita akaja kwangu. Akagonga mlango.

"Dani," akaniita, kama anayemwita nyanya yake, "mafunzo mengine ni Jumanne. Nimekuja mwenyewe, nisije nikaambiwa umekataa."

Heri angenipiga kofi! Na kichanja alichonipa ni kile cha mbele kabisa, kila anayepita ananiona.

Wewe unayeongoza watu, na kuna mmoja umemwekea kinyongo, nisikilize. Kabla hujamwachia mchanga, uliza kwanza kama mtamwaga rundo moja.