Karani Aliyekuja Kila Saa

Usiku ule mgodi ulipowaka moto, binti yangu Aila akiwa chini na wenzake kumi, karani wa kampuni alitukusanya sisi jamaa zao katika ukumbi wa kanisa, akaahidi kuja kila baada ya saa moja. Akawa anakuja kweli. Anakung'uta theluji viatuni, anasoma majina yote kumi na moja polepole, kama mtu anayeita watoto wake waje kula, kisha anasema, "Bado hawajafikiwa. Nitarudi baada ya saa moja." Ndiye yule aliyekuwa akitupigia simu kila mwezi kuhakikisha namba zetu, nasi tukimcheka kwamba anatafuta mchumba.

Saa nane jirani yangu Lucette, ambaye mumewe alikuwa chini pia, alimvaa. "Wewe kaka, umekuja tena mikono mitupu?"

"Mitupu, mama. Lakini nimekuja."

"Mbona kwenye simu wanasema wamekufa wote?"

Nilishika kiti. Karani aliikunja karatasi yake. "Nimetoka kwenye redio ya waokoaji sasa hivi, na hakuna anayejua. Nikijua nitawaambia, hata ukiwa msiba."

Lucette alikaa, akamsogezea kahawa yake mwenyewe. Mimi niliweza kupumua, na kwa pumzi ile namshukuru mpaka leo.

Alfajiri mlango ulifunguka. Karani aliushikilia kwa mgongo, baridi yote ikiingia, akihesabu kwa sauti kila mchimbaji aliyepita. Binti yangu alikuwa wa tisa.