Dagaa kwa Bi Rukia

Juzi binti yangu Mwanaidi alinipitisha mtaa wa Downsview tukitoka mazikoni. Tulipoyafikia yale maduka yaliyopangana mbele ya maghala, nikamwambia apunguze mwendo, nilitaka kuuona mlango wa Bi Rukia. Mlango bado upo. Ila sasa ndani wanauza matairi, wameyapanga meusi mpaka juu ya kioo, huwezi hata kuona kule nyuma jiko lilikokuwa. Mwanaidi akaniuliza kama nataka kushuka. Nishuke nikanunue tairi? Nikamwambia twende zetu.

Lakini tangu siku ile pua yangu haijatulia. Unajua harufu ya zamani ilivyo, ukiifukuza mlangoni inapitia dirishani. Basi kaa nikusimulie. Mimi shule niliishia darasa la tatu kule Tanga, lakini majina ya watu waliokula na mimi sijalisahau hata moja.

Nilikuja Toronto ile miaka ya elfu mbili mwanzoni. Mwanaidi alikuwa anafanya kazi kwenye ghala la nguo, zamu za mchana mpaka usiku, na mumewe Salim alikuwa dereva wa lori, leo yupo, kesho hayupo. Mtoto wao Zuhura alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Niliitwa kwa kazi moja tu, kumlea Zuhura na kumlisha. Na Zuhura akakataa kula.

Si kwamba alikuwa mgonjwa. Mkate na jibini alikula. Makaroni ya boksi yenye unga wa manjano alikula, mpaka akalamba kijiko. Lakini nikipika wali wa nazi, nikakaanga dagaa wangu wakakauka vizuri, mtoto anaziba pua. "No, Bibi," anasema, halafu anaisukuma sahani kwa kidole kimoja. Baadaye mama yake akanieleza kwamba kuna msichana shuleni, Kayla, tena wa jengo letu hilo hilo, alichungulia chakula cha Zuhura akawatangazia wenzake kuwa dagaa wana macho. Ni kweli wana macho. Nani alisema hawana?

Kwetu mtoto akikonda mikononi mwa bibi yake, anayeulizwa ni bibi. Nikajiwekea ahadi moyoni: theluji ikiyeyuka na mtoto huyu bado hali chakula changu, nitamwambia Mwanaidi anikatie tiketi nirudi Tanga, atafute mtu mwingine. Sikuvuka bahari zote zile kuja kutazama televisheni.

Basi Jumamosi moja tulikuwa tunasubiri basi, mimi na Zuhura, upepo unakata masikio. Nyuma yetu mlango ukafunguka, akatoka mwanamume na mfuko wake wa chakula, na harufu ikatoka naye. Tui linalochemka. Mchaichai. Pilipili, na dagaa juu yake. Nilidhani baridi imenipanda kichwani. Nikamshika mtoto mkono tukaingia.

Ndani mlikuwa na meza chache zenye vitambaa vya plastiki vya maua. Wamekaa wanaume wa maghala na mabuti yao, makoti yametundikwa migongoni mwa viti, na wote wanakula kwa mkono. Nyuma ya kaunta alisimama mwanamke mnene kiasi, mwenye ushungi wa kahawia. Aliuona ushungi wangu, akanitolea salamu alaikum kama tulioachana jana. Alikuwa Mmalaysia, wa kule kwao kaskazini, jina lake Rokiah. Kwetu huyo ni Rukia, na mimi nikamwita Bi Rukia mpaka mwisho. Yeye akaniita Kak, ndivyo kwao wanavyomwita dada mkubwa.

Akaleta sahani bila kuuliza tunataka nini. Wali mweupe wa tui, uliopikwa na jani refu la kijani linalonukia kama ua la mkadi. Pembeni dagaa wakavu, karanga za kukaanga, vipande vya tango, nusu ya yai, na pilipili nyekundu ya kusaga yenye utamu kwa mbali. Nikacheka peke yangu. Nimepanda ndege mbili, nafika nakuta wali na dagaa wameniwahi.

Zuhura akawatazama wale wanaume, akatazama vidole vyao. Akavua glavu zake zilizolowa, akatia mkono, akala. Akala dagaa na macho yao. Nilifurahi, na hapo hapo moyo ukaniuma, sikufichi.

Tukawa watu wa Jumamosi. Mume wa Bi Rukia, Yusof, alikuwa anarusha unga hewani unatanuka kama leso iliyoshikwa na upepo, kisha anaukunja na kuutupa kwenye chuma, inatoka chapati laini ya kuchovya kwenye mchuzi wa dengu. Chai ya maziwa aliimimina kutoka kikombe cha juu mpaka cha chini, akarudia na kurudia mpaka ikatoa povu. Kulikuwa na nyama yao inayopikwa na tui kutwa nzima, mpaka tui linakauka linabaki mafuta tu, na nyama inakuwa nyeusi. Siku niliyompelekea vitumbua, Bi Rukia aling'ata kimoja akamwita mumewe aache unga aje aonje.

Tuliongea kwa mikono, na kwa yale maneno ya dini tuliyochangia. Riziki kwake ni riziki, dunia ni dunia. Yaliyobaki Bi Rukia aliyasema kwa Kiingereza, Zuhura akatutafsiria. Bi Rukia anaweza kuzungumza mpaka chai ipoe, nikimuuliza Zuhura amesema nini, ananijibu, "Anasema maneno mengi," anaendelea kula. Ni Bi Rukia aliyenipeleka kwenye duka la Wavietnam nikakuta nazi iliyokunwa, imegandishwa kwenye mifuko, na majani ya muhogo yametwangwa tayari. Nilisimama mbele ya lile friji kubwa kama niliyekutana na ndugu.

Lakini nyumbani, hali ni ile ile. Wali ule ule, dagaa wale wale, na mtoto anasukuma sahani. "Si kama wa Makcik," ananiambia, ndivyo alivyomwita Bi Rukia, shangazi. Nikamlalamikia Bi Rukia mwenyewe. Akacheka. "Wangu wanataka piza, Kak," akasema. "Nipe wako, uchukue wangu."

Nikaanza kuwaza kwamba siri lazima iko kwenye ile pilipili. Nilishamwona akiitia kitu cheusi kinachotoka kwenye karatasi, uduvi uliosagwa ukachachishwa ukakandamizwa kama sabuni. Nikaenda kwa wale Wavietnam nikanunua kipande kizima. Sikumuuliza mtu. Niulize nini, mimi mtu wa Tanga? Kitu cha baharini kilichokauka unakichoma kwanza, papa unamchoma, ng'onda unamchoma. Kwa hiyo nikaweka kipande chote juu ya kikaango kikavu, moto mkubwa, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi.

Mola ndiye anayejua kilichotokea mle jikoni. Moshi ulijaa kabla sijageuka, na harufu yake ilikuwa kama soko zima la samaki limepanda ghorofani na mabuti yake. Kengele ya moto ikalia, si ya kwetu tu, ya jengo zima. Nikazima jiko, nikamkamata Zuhura, tukashuka ngazi na watu wote, mimi koti juu ya leso. Nje theluji, na gari la zimamoto linaingia.

Jirani wa chini yetu alikuwa Bi Carmela, bibi wa Kitaliano, yuko na ndara, pua ameifunika kwa skafu. Anamlalamikia kila mtu. Watoto wa jengo wote wapo pale, na Kayla miongoni mwao. Zimamoto wakauliza ni nyumba gani. Mimi Kiingereza cha kujitetea sina. Nikautazama uso wa Zuhura ulivyoiva, nikasema moyoni, tiketi yangu imeshakatwa.

Zuhura akasema, "Ni bibi yangu. Anapika."

Bi Carmela akainama, akaonyesha juu kwetu kisha kinywa chake, nikaelewa anamuuliza kama yeye anakila kitu hicho.

"Kila siku," Zuhura akajibu.

Alisema kwa Kiingereza, lakini maneno hayo nilikuwa nayajua. Daktari wa presha alishayarudia mbele yangu mpaka yakaniingia, vidonge vyangu ni vya kila siku. Na mtoto yule hakuwa amekula kwangu hata punje. Uongo mtupu, mbele ya zimamoto, mbele ya Kayla. Bi Carmela akamtazama, akasema jambo lililowachekesha wale wanaume. Zuhura alinitafsiria tulipokuwa tunapanda ngazi. Kumbe alisema marehemu mama yake naye alikuwa na samaki wake wa chumvi, kijiji kizima kilijua siku anayompika.

Juu nikafungua madirisha, kile kikaango nikakitoa nje roshanini na vilivyomo. Kilichobaki ni wali wangu na dagaa wangu, vya Tanga, visivyo na ufundi wa mtu mwingine. Zuhura akanawa mikono, akakaa mkekani bila kuitwa, akala. Ukishawaambia watu kwamba unakula kila siku, inabidi ule. Na mimi sikumsifu, nilijifanya natazama nje, nisije nikamgutusha akaacha. Kesho yake akala tena. Theluji ikayeyuka, na habari ya tiketi sikuitaja.

Bi Rukia alipoisikia habari ile alijishika kwenye kaunta kwa kicheko. "Kak, unachukua kiasi cha ukucha," akaniambia, "na unaenda kukichomea nje, mlango wa nyuma, hata kama theluji imefika magotini." Yusof akawasimulia wateja wote. Kwa muda mrefu nikiingia pale wale wa maghala wanajifanya kutafuta mlango wa kutokea.

Miaka ikaenda. Mabega ya Yusof yakachoka, hakuweza tena kurusha unga, na watoto wao hawakutaka jiko. Siku ya kufunga tulikula pamoja, vilivyobaki sufuriani, viti vimeshapandishwa juu ya meza nyingine. Wakarudi kwao. Kila Idi tulipigiana simu, mpaka Idi moja simu ikapokewa na mtu nisiyemjua sauti, nikajua Bi Rukia ametangulia. Bi Carmela naye alitangulia. Sisi tukahamia Markham, nyumba ya peke yetu, jiko lina mashine inayovuta moshi wote unapotelea juu. Naweza kuchoma papa mzima humu na asije mtu kugonga. Hakuna anayejua ninapika nini.

Idi iliyopita Zuhura alikuja kutoka chuo, mtu mzima sasa, ananizidi kimo. Nikamuuliza kama anaikumbuka ile siku ya kengele. Akasema anakumbuka mabuti ya zimamoto, na kwamba baridi ilikuwa kali. Nikamuuliza, na yale uliyomwambia Bi Carmela? Hakuyakumbuka. Nikamwambia. Akacheka, akaweka mkono begani kwangu, akasema labda nilisikia vibaya, Kiingereza changu wakati ule kilikuwa bado.

Sikubishana naye. Nilimsogezea bakuli la dagaa. Akachota kwa kijiko, akala, macho yako kwenye simu, akachota tena.