Baba Yetu wa Shangazi Perpetua

Barua iliyonitoa Nakuru iliandikwa na Mzee Zakayo, mzee wa kanisa kule Alupe, karibu na Busia. Ilimwarifu baba yangu kwamba dada yake, yaani shangazi yangu Perpetua, kiongozi wa kwaya ya akina mama, alikwenda kwenye mazishi ya mpiga gitaa maarufu ambaye hakuwa ndugu wala jirani, akalia siku tatu mpaka sauti ikakauka, akanyoa kichwa kama mfiwa. Tena mbele ya jeneza alisema "Baba yetu". Maneno hayo mawili yalipigiwa mistari mitatu. Jumamosi kamati ingekaa kumwondoa kwenye kwaya kwa kuabudu binadamu.

"Wewe ndiye mwalimu," baba akaniambia. "Nenda ukamtetee, au ukamkemee."

Kusema kweli nilikwenda kumkemea. Darasani kwangu nilikuwa na sanduku zima la picha za waimbaji, nilizowanyang'anya wanafunzi waliozificha ndani ya madaftari ya hesabu. Sasa ugonjwa umeingia kwetu!

Ijumaa asubuhi treni ilinishusha Malaba, mgongo umekakamaa kama ubao. Niliingia hoteli ya Mama Salima, mkabala na stesheni, nikaagiza chai na mandazi. Juu ya kabati kulikuwa na redio iliyofungwa kitambaa cheusi.

"Mama, hiyo redio ina nini?"

"Imefiwa."

"Redio imefiwa?"

"Sasa si yule mpiga gitaa ndiye alikuwa anaongea ndani yake?"

Nikaona nianzie kazi yangu hapo hapo. Nikajitambulisha kuwa mwalimu, nikamuuliza kama huko si kumwabudu mtu.

"Mwalimu, mimi naswali mara tano kwa siku," akasema, akigeuza mandazi. "Huyu nilikuwa namfungulia nikikaanga. Kama hiyo ni ibada, basi hii karai ndiyo msikiti."

Wateja walicheka, nami nikanywa chai yangu haraka kuliko moto wake ulivyoruhusu.

Saa nne nilipata lori la pamba linalopitia Amukura. Dereva alikuwa mtu wa kupiga mluzi, lakini alikuwa ameapa kutopiga mluzi siku saba kwa heshima ya marehemu. Basi kila tulipopanda mlima alifumba midomo, akajikaza, akatazama mbele kwa huzuni. Mimi sijawahi kuona mtu akiteswa na kimya namna ile.

Busia mjini, waendesha baiskeli walinizingira wakiita, "Boda! Boda!" Hao kazi yao ni kuvusha watu kutoka mpaka huu hadi ule, lakini mmoja alikubali kunipeleka Alupe. Nilikaa nyuma juu ya mto wa sponji. Nilipotaja jina la shangazi, baiskeli iliyumba.

"Yule mama? Boss, yule alishinda wajane! Marehemu ameacha wajane watatu, na wote walinyamaza wakamwangalia."

"Na wewe ulilia?"

"Nililia sana."

"Kwa hiyo ulikuwa unamwabudu."

Alikanyaga pedali kwanza, akafikiri. "Hapana. Huyu nilikuwa namwambia, 'Rudia hiyo!' Mungu naye nitamwambia hivyo?"

Alasiri nilimkuta shangazi uani akichambua mtama, kichwa kinang'aa. Alinicheka kabla sijafungua mdomo.

"Umetumwa kunichapa?"

Nilianza hotuba niliyoitunga kwenye treni. Nilipofika kwenye "Baba yetu", aliweka ungo chini.

Mume wake, fundi wa magari, alivuka mpaka miaka minne iliyopita kwenda kutengeneza lori lililoharibika upande wa pili. Hakurudi. Hilo nililijua, siku zile za mauaji ng'ambo ya mpaka, waliovuka wasirudi walikuwa wengi. Nisilolijua ni kwamba wazee wa ukoo walimkataza shangazi asilie. Kumlilia mtu ambaye hujaona maiti yake, walisema, ni kumfukia akiwa hai.

"Wanawake wote hapa wanaita Baba Otieno, Baba Agneta," akaniambia. "Sisi hatukupata mtoto. Sasa nitamwita baba nani? Nikamwita Baba Yetu. Yeye alicheka, lakini alikuwa anaitika."

Ile hotuba ikanipotea.

"Kesho uwaambie hivyo, shangazi."

"Siwezi. Nikisema, nitakuwa nimemzika kwa mdomo wangu. Na wewe usiseme."

"Na kwaya?"

"Kwaya ndiyo watoto wangu," akasema, akainua ungo.

Jumamosi saa tatu kanisa lilijaa. Mzee Zakayo alivaa miwani, akasimama.

"Perpetua, ulimwomba mpiga gitaa kwa sala ya Bwana. Ndiyo au hapana?"

Mimi niliinuka, shangazi akanivuta koti nikakaa. Mama mmoja wa kwaya akauliza kutoka nyuma:

"Mzee, na wewe ulifikaje karibu na jeneza hata ukasikia?"

"Nilikuwa nachunguza."

"Siku zote tatu?"

Kanisa liliangua kicheko, na Mzee Zakayo akagonga meza. Alisema basi, kwa kuwa mtuhumiwa hana jibu, mwingine achaguliwe kuongoza kwaya. Hapo shangazi akasimama.

"Nilimlilia mume wangu," akasema. "Baba Yetu ni yeye. Alinyimwa matanga, mimi nikaazima ya huyo mwingine."

Mzee Zakayo alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, na iliporudi usoni bado ilikuwa na maji.

"Tusali," akasema. "Baba yetu..."

Akasita, kana kwamba mdomo wake umemshtua. Sote tulimtazama shangazi.

"...uliye mbinguni," akamalizia shangazi, polepole.

Miaka minne alikuwa hajasema mume wake yuko wapi. Ndipo kwaya nzima ikapiga yowe, na Zakayo pamoja nao, nami nikalia kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Jumapili nilipita tena kwa Mama Salima. Alinitazama macho, akaniwekea chai bila kuniuliza kitu. Nilimwomba afungue redio. Tulisikiliza wimbo mmoja wa marehemu, na ulipokwisha nilijisikia nikisema, "Rudia hiyo!"

Jumatatu, kabla ya kengele, niliwarudishia wanafunzi picha zao zote. Nani ajuaye mtu anamlilia nani anapomlilia mwimbaji? Mimi sitauliza tena.

Jioni baba alinisubiri mlangoni. "Haya. Umemtetea, au umemkemea?"

"Tumemlilia shemeji yako," nikasema.

Baba alivua kofia, akapapasa nywele zake zenye mvi. Kisha akamwita mama alete wembe.